Kifuniko Kimoja Kwenye Glasi ya Mnanaa

Mume wangu alifia ndani ya chumba cha barafu, siku ambayo nje lami ilikuwa inanata kwenye soli za viatu.

Ilikuwa Jumanne. Aliaga asubuhi amevaa shati jeupe nililolipiga pasi mwenyewe, akasema nisisahau ndimu. Saa nane mchana alishuka kuchota barafu ya kaunta, hakupanda tena. Moyo ulisimama. Waliomkuta waliniambia alikuwa na uso wa mtu aliyepumzika. Siku ile nilijifunza kwamba mbele ya mjane watu husema lolote.

Ndimu nilizinunua. Simu iliingia nikiwa nazipangusa.

Uliyekosa sehemu zilizotangulia katika gazeti hili, usihangaike. Mkasa wenyewe ni mfupi kuliko machozi yake. Mume wangu alikuwa mchanganyaji wa vinywaji katika baa ya hoteli. Mama yake, yaani mama mkwe wangu, ni mlezi wa kikundi cha kina mama cha kupinga ulevi. Mungu ana mizaha yake. Mama aliwaambia wenzake kwamba mwanawe yuko hotelini, idara ya vinywaji, kwa sauti ambayo ungedhani anasambaza maji ya bomba. Naye mwana alimwapia mama yake kwamba chupa ya pombe haitavuka kizingiti cha nyumba yetu maadamu yu hai.

Alichotuletea nyumbani ni ujuzi wa mikono tu. Kila Jumamosi saa kumi alasiri: mnanaa, ndimu, sukari, barafu, maji ya gesi. Glasi tatu ndefu. Mimi hupiga pasi kwenye duka la dobi, na Jumamosi tunafunga saa tisa na nusu. Nikifika nyumbani nimeiva, glasi yangu ilikuwa tayari mezani, inatoka jasho kwa niaba yangu.

Mama alikuja kukaa kwetu wiki mbili. Ikawa miaka tisa.

Sasa naungama. Katika miaka hiyo tisa, si mara moja wala mara mbili nilimwomba mume wangu amhamishie mama yake kwa dada yake. Alipofariki, huyo dada yake, wifi yangu, alipiga simu kusema Jumamosi ya tatu baada ya msiba anakuja na teksi kumchukua mama, akakae naye moja kwa moja. Dua yangu ya miaka tisa ilijibiwa kwa simu ya dakika moja, na hapo hapo nikaanza kuipinga.

Sikumtaka mama kwa wema. Sisi hatukujaaliwa mtoto. Mimba mbili zilifika njiani zikarudi. Mama hushika glasi kwa mikono miwili, kidole kidogo kimekunjwa, kama mwanawe alivyokuwa akishika. Nilitaka mikono ile ibaki ndani ya nyumba. Basi.

Nilimwomba asiende. Alinitazama kama anayekagua nguo iliyoungua pasi.

"Mke wa mwanangu," akasema, "mimi hapa nilikuwa nangoja glasi ya Jumamosi. Glasi ikirudi, nitakaa. Isiporudi, nakaa kwa ajili ya nini? Kutazama mapazia yako?"

Hiyo ndiyo kazi niliyopewa. Jumamosi ya kwanza niliyatwanga majani ya mnanaa kwenye kinu mpaka yakawa uji wa kijani. Kwetu kila kitu hutwangwa. Sikuona kwa nini mnanaa upendelewe. Mama akaonja, akauliza kama hiyo dawa ni ya kunywa au ya kuogeshea mbuzi. Jumamosi ya pili nilichemsha sukari nikaimimina ikiwa ya moto. Majani yakalala kama mboga. Mama alimwagia maua, na maua hayajapona mpaka leo.

Sehemu iliyopita niliwaacha mlangoni, mtu akibisha hodi. Aliyebisha alikuwa mwenzake mume wangu kwenye kaunta, jina lake la kazi ni Kipimo, kwa sababu hajawahi kumimina tone bila kulipima. Aliniletea vitu vya mume wangu kutoka kwenye kabati la kazini: aproni mbili, mchi mdogo wa mbao, na chupa bapa isiyo na karatasi, imejaa nusu. Niliifungua. Harufu yake ilipanda mpaka machoni.

Ilikuwa Alhamisi. Mama alikuwa amejilaza chumbani. Nilifunga mlango wa jikoni nikamuuliza Kipimo hiki ni nini.

Alijikuna shingo. Akasema ni ramu, pombe ya miwa. Akasema kila Ijumaa mume wangu alikuwa akiijaza ile chupa na kuitia mfukoni kuleta nyumbani. Niliposema haiwezekani, aliapa.

"Shemeji, ni kifuniko kimoja tu kila Jumamosi. Kwenye glasi moja kati ya tatu."

"Glasi ya nani?"

"Hakusema. Na mimi sikuuliza. Sisi wa kaunta hatuulizi nani anakunywa, tutakosa kazi."

Nilikaa juu ya ndoo. Mume wangu, aliyekuwa hawezi kudanganya hata kondakta, alikuwa akivuka kizingiti na chupa kila Ijumaa akiwa yu hai kabisa.

Kipimo aliona huruma, akasema kwa kuwa ameshaleta habari mbaya, angalau anionyeshe kazi. Akavaa moja ya zile aproni. Akaziviringisha ndimu mezani kwa kiganja mpaka zikalainika, ndipo akazikata. Akaweka sukari na maji ya ndimu kwanza, akakoroga mpaka sukari ikapotea, akisema sukari haiyeyuki ikishaona barafu. Kisha akachukua majani manane ya mnanaa, akayaweka kiganjani, akayapiga kofi moja kwa kiganja kingine. Jiko zima likanukia Jumamosi.

Nilitoka nje kidogo. Niliporudi aliendelea kana kwamba sikutoka.

"Mnanaa ni kama mgeni aliyelala," akasema. "Unamwamsha, humpigi."

Mchi ulikuwa wa kuyabinya majani taratibu chini ya glasi, mara tatu, si zaidi, maana yakichanika hutoa uchungu. Barafu ijae. Maji ya gesi yateremkie ubavuni mwa glasi. Kijiko kinyanyuke kutoka chini mara moja tu, ukikoroga sana gesi inakimbia. Nilirudia mbele yake mara nne. Ya nne aliipokea, akainywa yote, akaniambia ningekuwa mwanaume angeniandikisha kazi. Nikamwambia hata mwanamke anaweza kuandikishwa. Akasema hilo atalifikisha kwa meneja.

Alipoondoka nilitengeneza ya tano, bila chupa, nikampelekea mama. Akanywa mafunda mawili.

"Sasa imekaribia," akasema. "Lakini siyo yenyewe."

Hapo nikaona mwanga. Kama kila kitu kimefuatwa kwa mkono wa fundi na bado siyo yenyewe, basi kinachopungua ni kimoja, na kiko ndani ya chupa bapa. Glasi iliyokuwa ikitiwa kifuniko ilikuwa ya mama.

Niseme jambo ambalo lingeniokoa: mimi sikuonja hata moja. Tangu ile Jumanne sikuweza kukipeleka kinywaji kile mdomoni. Nilikuwa mpishi anayepika kwa kukisia uso wa mlaji. Mpishi wa namna hiyo huunguza nyumba.

Ijumaa nzima nilipiga pasi nikijijadili. Nimnyweshe pombe mlezi wa kikundi cha kupinga pombe? Mama ana pua ambayo iliwahi kusimamisha harusi: aliingia ukumbini, akavuta hewa mara moja, akaelekea moja kwa moja kwenye jagi la juisi la bwana harusi. Lakini kama pua hiyo ililala miaka tisa nyumbani kwake mwenyewe, ilale na Jumamosi moja zaidi. Mwanawe alimpenda na alimwekea. Mimi ni nani nimpunguzie? Niliunguza kola mbili za daktari wa meno siku ile.

Jumamosi wifi alifika saa kumi kasoro, teksi ikingoja nje na injini inanguruma. Wifi ni katibu wa kikundi hicho hicho. Hutembea na daftari la mihutasari hata msibani. Alinikumbatia, akasema nimekonda, akasema nisijali, mama atapata chumba chenye dirisha kubwa. Mama alikuwa amekaa sebuleni, sanduku lake limefungwa kamba miguuni pake.

Nikasema kabla hawajaondoka, nawaomba dakika tano.

Jikoni nilifuata kama nilivyofundishwa. Ndimu, sukari, kofi moja, binya mara tatu. Nikafungua chupa, nikajaza kifuniko, nikakimimina kwenye glasi moja. Barafu, maji ya gesi. Nikampelekea mama mwenyewe. Wifi alikuwa ameingia chumbani kuhakikisha hakuna kilichosahaulika.

Mama aliishika glasi kwa mikono miwili. Akanywa funda moja. Akaiweka mezani, akaisukuma mbali kwa kidole.

"Umeniwekea pombe."

Kuna vitu mtu hupanga kuvisema, na kuna vinavyotoka vyenyewe. Nilijikuta nimepiga magoti mbele yake nikimwambia yote: chupa, Kipimo, kifuniko kimoja kila Jumamosi. Nilimwambia anisamehe, na amsamehe mwanawe, maana ndivyo alivyokuwa akimwekea miaka yote na yeye hakujua.

Mama alicheka. Hakuwa amecheka tangu tumzike mwanawe. Alicheka bila sauti, mabega tu.

"Mimi nilikuwa nakaa kwenye kile kigoda cha jikoni kila Jumamosi namwangalia akitengeneza," akasema. "Unadhani kifuniko kilinipita? Kilikuwa kinaingia kwenye glasi yako."

Nilisema hapana. Nilisema mimi sijawahi kuonja pombe maisha yangu yote.

"Ndiyo maana hukuitambua."

Akaniambia yaliyobaki taratibu, macho kwenye mlango wa chumbani. Ilianza baada ya mimba ya pili kutotimia. Nilikuwa nikirudi kazini nakaa nikitazama ukuta mpaka giza. Nilikuwa nimeacha hata kugombana na yeye mama, jambo ambalo lilimtisha kuliko yote. Jumamosi moja alimwona mwanawe akitoa chupa. Alimshika mkono. Mwanawe akamwambia, mama, mwache acheke siku moja kwa wiki. Na jioni ile, anasema, nilicheka.

"Mlezi wa kikundi," akasema mama. "Miaka tisa nimekaa jikoni nimefumba mdomo. Nimewatoa wanawake watano kwenye kikundi kwa makosa madogo kuliko hilo."

Nilikumbuka zile Jumamosi. Nilivyokuwa nikinywa, na uvuguvugu ukishuka kifuani, nami nikidhani ni joto la pasi linanitoka. Nilivyokuwa nikimwona mume wangu mzuri zaidi Jumamosi kuliko siku nyingine. Nilikuwa nikimsifu kwa watu kwamba mimi ni mwanamke ninayelewa penzi.

Ndipo nikakumbuka kuuliza. Kama yake haikuwa na pombe, mbona ya Alhamisi alisema siyo yenyewe?

"Kwa sababu haikuwa yenyewe. Umejaza sukari. Tangu meno yangu yaharibike mwanangu alikuwa haniwekei hata punje."

"Mama, si ungesema tu sukari."

"Uliniuliza kama kasoro ni sukari? Uliniuliza kama ndiyo yenyewe. Nikakujibu."

Wiki tatu za mateso, kinu, majani yaliyolala, kola za daktari, na jibu lilikuwa kutotia kitu. Mama naye akatazama sanduku lake, akaanza kulegeza ile kamba kwa kidole, kidogo kidogo, kama mtu asiyejua anachofanya. Nilimwona.

Hapo wifi akatoka chumbani akijipepea kwa daftari, analalamika kwamba chumba kile ni tanuri. Akaona glasi mezani, barafu bado nzima, mnanaa juu.

Mama alifungua mdomo. Mimi nilinyoosha mkono. Wote wawili tulichelewa.

Katibu wa kikundi cha kupinga ulevi aliimaliza glasi ile kwa pumzi moja, barafu ikamgonga meno. Akaiweka chini, akafumba macho.

"Wifi," akasema, "kumbe una mkono. Hata kaka hakuwahi kunitengenezea tamu hivi. Iko nyingine?"

Akaelekea jikoni kujihudumia. Tulimsikia akifungua friji. Tulimsikia akisogeza vitu mezani. Kisha hatukusikia kitu.

Alirudi ameshika chupa bapa kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa panya kwa mkia. Uso ulikuwa umembadilika rangi. Alisema nimemnywesha. Alisema nimemnywesha yeye, na nilikuwa nataka kumnywesha mama, mwanamke wa miaka sabini na moja, ndani ya nyumba ambayo kaka yake aliapa isiingie tone. Alisema mtu hajapoa kaburini nimeshageuza nyumba yake kilabu. Akamwambia mama asimame, waondoke dakika hii.

Kisha akaniuliza, na hapo sauti ilishuka. "Chupa hii ni ya nani?"

Nilimtazama mama. Mama alitazama mikono yake.

Msomaji, ungejibu nini? Ningesema ni ya kaka yake, kiapo cha marehemu kingevunjika mbele ya dada yake, na mama angeulizwa alikuwa wapi miaka tisa. Marehemu hana wa kumtetea. Mimi angalau nina mdomo.

"Ni yangu," nikasema. "Niliinunua mwenyewe."

Wifi akafungua daftari akaandika. Mwandiko ulipinda, sijui kwa hasira au kwa kile kifuniko. Alipomaliza akamshika mama kiwiko amnyanyue.

Mama hakunyanyuka.

"Katibu," akasema, na hakumwita mwanangu. "Soma kanuni ya nne."

Wifi akasema haina haja. Mama akasema ina haja. Wifi akaisoma, kwanza kwa haraka, kisha polepole, kadiri maana ilivyomwingia. Kanuni hiyo aliitunga mama mwenyewe, mwaka ambao mwanachama mmoja alilewa kisha akakimbilia kwa ndugu zake asihojiwe. Inasema hivi: mwanachama yeyote aliyeonja pombe, kwa kujua au kwa kutojua, hatalala nyumba nyingine mpaka kikao kikae katika nyumba ile ile aliyonywea na kumsikiliza.

"Mimi nimekunywa funda moja," akasema mama. "Wewe umekunywa glasi. Kamwambie mwenye teksi aende."

Wifi alibishana. Alisema ana mambo ya kufanya kwake, alisema mumewe atauliza, alisema kanuni iliwalenga walevi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama angependa hayo yote yaandikwe kwenye mihutasari. Teksi ikaenda.

Niliomba abaki mmoja. Wamebaki wawili. Wifi analala kitandani kwangu upande wa marehemu, na anakoroma kama yeye, jambo ambalo sikuliomba wala silikatai.

Kikao ni Jumatano saa tisa alasiri. Ajenda ni moja: chupa ni ya nani. Kanuni ya tano, nimeisoma mwenyewe daftarini wifi akioga, inasema mwanachama hatakaa katika nyumba ambayo mwenye nyumba anaweka pombe. Nikirudia nilichosema, mama atatoka Jumatano hiyo hiyo akiwa na sanduku lake. Nikisema kweli, mume wangu atazikwa mara ya pili, na safari hii na mama yake. Anayeongoza kikao ni mama.

Jana nilimfuata alipokuwa anachambua mchele, nikamuuliza atasema nini. Akasema mlezi hazungumzi kesi na mshtakiwa nje ya kikao. Nikamuuliza basi kama mama, atasema nini. Akaniomba nimletee ungo mwingine.

Wifi hasomi gazeti hili; anasema limejaa matangazo ya bia. Ndiyo maana naandika kwa amani.

Leo ni Jumatatu. Nimeomba ruhusa kazini kwa Jumatano. Wanakuja kina mama kumi na wanne, na viti ninavyo sita.